Kakakuona wa Korongo la Masuku

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi ukungu mwepesi juu ya milima ya Matogoro, umeondoka kabla jua halijapanda. Upepo hakuna. Joto linakuja.

Wiki ya tatu ya kutembea. Daktari alisema presha haishuki kwa vidonge peke yake — nitembee kila siku, na niandike saa ninayolala. Kutembea mitaani huku Lizaboni siwezi. Kila mlango una salamu, na kila salamu ina swali nyuma yake. Kwa hiyo natembea katika hifadhi ya wanyama iliyo jirani. Otto, askari wa getini, ananiruhusu kuingia kabla ya muda wa wageni, kwa masharti mawili: nisiiache njia ya uzio, na nikitoka nimwambie nilichoona. Yeye ni mtu wa Mara. Anasema kwao mnyama mdogo kuliko nyumbu hawamgeukii hata shingo.

Nilichoona: ngedere, kundi lile lile. Nsya dume, yule paa mdogo, alisimama akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize kuongea. Pimbi juu ya mawe. Kanga hawakutokea. Miombo imetoa majani mapya mekundu; ukitazama kutoka mbali utadhani kuna moto.

Jioni mama mkwe, mama Notburga, ameuliza kama kawaida: leo umeona nini? Nikamsimulia, pamoja na yule nsya. Magoti hayamfikishi hata dukani. Tangu Henry, mume wangu, ahamishiwe Mbesa kikazi, na mwanetu Saimon aende bweni, tumebaki mama Notburga na mimi, na Aidan, mdogo wake Henry, anayelala chumba cha uani akimaliza kubeba abiria kwa pikipiki yake. Kabla sijaanza kutembea hatukuwa na cha kuongea, mama na mimi, zaidi ya chumvi. Imezidi, imepungua.

Usingizi (naujaza asubuhi yake): saa tatu na nusu usiku.


Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi mawingu, lakini ya uongo. Saa nne jua kali.

Pongo jike karibu na kijito, masikio tu ndiyo yaliyomfichua. Ndege hondohondo wawili. Nyani wameingia kibanda cha Otto wakala kiporo cha ugali na kuacha mboga. Otto amechukizwa na hilo la mboga kuliko la ugali. Anasema ni dharau.

Mama alicheka mpaka akashika magoti. Akataka nirudie.

Usingizi: saa tatu.


Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi baridi kidogo, umande mwingi, anga safi.

Kakakuona!

Naandika kwa utaratibu. Nilikuwa nimefika pale uzio unapopinda, juu ya korongo la masuku, yale matunda ya mwituni. Jua halijatoka, mwanga upo. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani kanga. Chini, kando ya kichuguu kilichoegemea msuku mkubwa, akatokea anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayekwenda kanisani. Mkia haugusi chini. Juu ya shina la mkia, mtoto. Mdogo, magamba yake bado meupe kama kucha. Ameng'ang'ania.

Mama yake akachimba, akala, akachimba. Halafu wakaingia shimoni chini ya kichuguu. Nilisimama mpaka jua likanipiga usoni. Miaka arobaini na sita na sijawahi kumwona. Nilimsikia tu.

Otto sikumwambia. Akijua ataandika, akiandika watakuja watu na kamera. Nilimwambia: ngedere, nsya. Hakuona kitu usoni mwangu.

Jioni mama akauliza. Nilikuwa nimeamua kusema ngedere na nsya. Lakini alikuwa amekaa vile anavyokaa, bakuli la karanga mapajani, amegeuza sikio zuri upande wangu — nikamwambia. Nikamwambia yote, mpaka kichuguu, mpaka msuku.

Aliweka bakuli chini. Akauliza alikuwa anaelekea wapi. Nikasema shimoni. Akauliza kabla ya hapo. Nikasema sikuangalia. Akasikitika kama mtu aliyeambiwa nimesahau kumsalimia padri.

Akanieleza ninayoyajua nusu: kakakuona hajitokezi bure. Akionekana wazee huitwa, anawekewa maji, mahindi, panga na kaniki, watu wanakaa kimya, yeye anachagua. Akienda kwenye maji mwaka una mvua. Kwenye panga, damu. Kisha anarudishwa pale pale alipotolewa, siku hiyo hiyo, bila kuumizwa. Mara ya mwisho aliyoona yeye alikuwa bado msichana. Mwaka jana mvua ilikata Februari na shamba lake lote likakauka limesimama. Sasa hajui apande mapema au asubiri. Shamba hilo analimiwa, lakini neno la kupanda ni lake, na ndilo neno pekee lililobaki kuwa lake. Hilo la mwisho nasema mimi, yeye hakulisema.

Nikamwomba asimwambie mtu.

"Nimwambie nani, mwanangu, na magoti haya?"

Usingizi: saa nne kasoro.


Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi vumbi. Misa ya kwanza, sikutembea.

Aidan amekula nasi mchana, jambo lisilo la kawaida. Ana utani mwingi. Ananiita bwana nyama, kama afisa wa wanyamapori. "Bwana nyama, shikamoo. Bwana nyama, niongezee mchuzi." Akauliza kama masuku yameiva kule korongoni. Nikasema bado kidogo.

Baada ya kuosha vyombo ndiyo nikakumbuka kwamba mimi na Aidan hatujawahi kuongea habari za korongo.

Nikamtazama mama. Alikuwa anamenya karanga.

Usingizi: saa nne na nusu.


Jumanne, 12 Novemba

Asubuhi joto tangu alfajiri. Wingu moja juu ya Matogoro, limekaa hapo hapo kama limefungwa.

Sikufika hifadhini. Njiani nikakutana na watu wanakimbia kuelekea ofisi ya mtaa. Nikauliza kuna msiba? Mwanamke mmoja akasema hapana, mgeni.

Uwanja umejaa. Wanafunzi, mama lishe na miiko yao, mafundi, watu wa pikipiki wote. Katikati, Pankrasi, mwenyekiti wetu, kavaa koti la sherehe. Chini, beseni la maji, ungo wenye mahindi, panga, kaniki. Na kakakuona amejikunja mviringo, hana mwanzo hana mwisho.

Nilisikia maelezo kabla sijamwona aliyeyatoa. Aidan. Alikuwa anatoka kupeleka abiria, barabara ya Tunduru, karibu na daraja, taa ya pikipiki ikammulika anavuka. Akamfunika na koti, akamleta kwa wazee. Ameeleza vizuri. Watu walikuwa wanampiga mabegani.

Pankrasi alikuwa ameshawapigia simu watu wa wanyamapori, ila aliwapigia baada ya kupanga beseni.

Tulingoja sana. Akanyunyiziwa unga. Akaguswa na watu ambao walikuwa wamekatazwa kugusa, na Pankrasi akawakataza tena. Simu zimenyooshwa juu kama mikono ya wanafunzi. Mwalimu mmoja mgeni, Ramson, akasema mnyama aliyefunikwa koti tangu alfajiri ataendea maji hata kama mwaka ni wa ukame. Mama lishe aliyesimama mbele yake hakugeuka hata kichwa. "Hiyo kafundishe darasani, mwalimu. Hapa tuache na mvua yetu."

Ndipo nikamwona mama. Mama Notburga! Amekaa kwenye kiti cha ofisi, mstari wa mbele, kavaa kitenge cha Pasaka. Aidan alimleta kwa pikipiki. Tangu Pasaka hajatoka nje ya geti letu. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya fimbo, uso wake sijawahi kuuona hivyo. Kama msichana.

Kakakuona akafunguka. Taratibu, pua kwanza. Uwanja ukanyamaza. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akapita mahindi, akapita panga, hakuitazama kaniki. Akafika kwenye beseni, akanywa.

Vigelegele. Pankrasi akatangaza mvua.

Mimi nilikuwa naangalia mkia. Mkia ulikuwa mtupu.

Niliwaza huenda ni mwingine. Wapo wengi, hatuwaoni tu. Halafu akanyanyuka kutoka kwenye beseni akatugeukia, na kifuani, pale mtu anapokuwa na matiti, ana mawili, yamejaa. Mama naye aliona. Yeye amezaa saba.

"Huyu ananyonyesha," akasema.

Pankrasi akalisikia, akalitangaza kuwa dalili ya pili: mwaka wa watoto. Wasichana wakaanza kusukumana na kucheka. Aidan hakucheka. Mama akamtazama Aidan, halafu akanitafuta mimi kwenye umati mpaka akanipata.

Gari la wanyamapori likaja, Otto ndani yake. Wakamweka kwenye kreti ya mbao. Daktari wa mifugo ampime kwanza kwa sababu ameshikwashikwa, halafu Alhamisi jioni ataachiwa alikookotwa: barabara ya Tunduru, karibu na daraja. Otto alinipungia mkono.

Nami nikampungia.

Usingizi: saa sita.


Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi ukungu mzito. Wa kwanza wa namna hii tangu nianze.

Nikaenda moja kwa moja korongoni. Niliiacha njia ya uzio — sharti la kwanza. Waya umeinuliwa mahali na kuegemezwa kijiti. Alama za viatu vya mpira kwenye mchanga, zinaingia, zinatoka.

Nikapiga magoti mbele ya shimo. Giza. Nikamulika na simu. Ndani kabisa, kitu cheupe, ukubwa wa ngumi mbili, kimejikunja. Nikadhani kimekufa. Kikaongeza kujikunja.

Nilikaa hapo kidogo. Sikugusa.

Getini nikamuuliza Otto, kama mtu anayeuliza habari za watu: mtoto wa kakakuona akibaki bila mama yake anavumilia muda gani? Akaacha kukoroga chai. Akasema usiku mmoja mama humwacha, kawaida, akatafute chakula. Zaidi ya hapo siku si nyingi, akiwa bado wa kunyonya. Akanitazama. Akauliza: "Leo umeona nini, mama Saimon?"

Nikasema ukungu.

Jioni nikamngoja Aidan nyuma ya jiko. Hakubisha sana. Alisema hakumwona mtoto mpaka alipomshika mama yake. Kidogo kikadondoka kutoka mkiani kikakimbilia shimoni, na mkono wake haukufika. Akasema aliona si neno. Mila yenyewe inataka arudishwe pale pale, siku ile ile. Jioni mama angekuwa na mwanawe. Alipofika ofisini akaulizwa mbele ya watu wote umemtoa wapi — ndipo akakumbuka uzio, akasema barabarani.

Ndiyo kosa lake lote. Alifuata mila mpaka kwenye swali la kwanza.

Tukaingia ndani. Mama alikuwa anajua tayari. Nadhani alijua tangu kwenye beseni. Alisema lazima arudishwe kwake. Asiporudishwa kwake, maji aliyoyachagua hayana maana, na mtu atakayepanda kwa maji hayo atavuna alichopanda: hewa. Hakutaja mtoto. Baadaye akamtaja. Akasema na kale kadogo, jamani.

Aidan akasema akitaja korongo anafungwa, na si mwaka mmoja. Kakakuona si sungura. Hilo ni kweli, bango lipo getini.

 Mama akanigeukia, sikio zuri upande wangu.

"Wewe si unaruhusiwa kuingia?"

Nikasema naruhusiwa kutembea. Siruhusiwi kutoa mnyama.

"Wewe ni mtu mzima, una presha, una cheti cha daktari. Hawatakufunga. Huyu watamfunga."

Alisema kwa sauti ile ile ya chumvi. Imezidi, imepungua. Aidan alikuwa anaangalia sakafu. Nilisubiri aseme hapana, mama. Nilisubiri vya kutosha.

Henry alipiga simu kutoka Mbesa kuuliza habari. Nikasema huku ni joto tu.

Usingizi: saa saba.


Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi ukungu tena, na harufu ya mvua ambayo haikuja.

Nimemwambia Otto.

Si yote. Nilisema: njoo nikuonyeshe kitu. Hakuuliza. Tulipofika kwenye waya ulioinuliwa alisimama, akautazama, akakitoa kijiti akakiweka mfukoni. Kwenye shimo akalala kifudifudi, sare na kila kitu, akamulika. Alikaa hivyo muda. Alipoinuka alikuwa na mchanga kwenye masharubu.

Akauliza nilijuaje kuwa ni wa yule mama. Nikasema niliwaona wote wawili, Ijumaa. Akasema Ijumaa uliniambia ngedere na nsya. Nikasema ndiyo.

Akatembea kidogo, akarudi. Alisema atawapigia wakubwa, yule mama ataachiwa hapa na si darajani, hilo litawezekana. Ila watamuuliza amejuaje. Nikamwambia awaambie nimemwonyesha mimi. Akasema watamuuliza pia mimi nilikuwa nafanya nini humu kabla ya saa ya kufungua, na nani aliniruhusu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote hizi nilimfikiria Aidan, nikajifikiria mimi, nikafikiria kitu cheupe shimoni. Otto sikumfikiria. Ana mke na watoto Musoma.

"Nani alimtoa, mama Saimon?"

 Alinipa muda, kama mimi nilivyompa Aidan jana.

Akasema haya. Kesho saa tatu mkubwa wake atakuwa getini, atachukua maelezo yangu na yake. Mpaka saa tatu yeye hajaniuliza kitu. Mchana niliwaambia mama na Aidan habari hiyo ya saa tatu.

Alasiri wakaja na kreti. Daktari wa mifugo, Otto, askari wengine wawili. Mimi niliruhusiwa kusimama mbali, juu, kwenye uzio. Wakamweka chini, hatua chache kutoka shimoni. Amejikunja. Mviringo ule ule, kama jiwe mtu amelisahau. Wakarudi nyuma. Tukangoja.

Ndege kwarara wakapita. Ngedere wakaja kutazama, wakachoka, wakaondoka. Hakufunguka. Daktari alinong'ona kwamba ni hofu, itachukua muda. Mara moja niliona kitu mdomoni mwa shimo — cheupe, kimetokeza, kimerudi. Au nilitaka kuona. Naandika niliona, na naandika sina hakika.

Giza likaingia. Otto akapanda mpaka nilipo akasema niende nyumbani, yeye atabaki.

Nyumbani. Pikipiki ya Aidan iko uani, begi limefungwa nyuma kwa mpira. Begi la Henry lile la safari. Aidan yuko chumbani kwake, taa haijawashwa. Mama anasema anakwenda Mbesa, kumsalimia kaka yake tu. Nikasema amsalimie sana.

Nilipakua. Tukala, mama na mimi. Aidan hakutoka. Kwenye kiti mama alikuwa amenitandikia kitenge changu cha kanisani, kimepigwa pasi. Yeye, na magoti yale, amesimama apige pasi ya mkaa. Sikuuliza cha nini. Alikula polepole. Hakuuliza leo nimeona nini.

Baadaye sana, nimeshaosha vyombo, akauliza:

"Amefunguka?"

Nikasema sijui. Giza lilikuwa limeingia.

Akatikisa kichwa. Akaweka mkono juu ya kitenge, akakilainisha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. "Na kesho, mwanangu, utasema nini?"

Nikachukua ndoo nikatoka kuteka maji ya asubuhi. Nilipita karibu na chumba cha Aidan. Alikuwa amesimama mlangoni gizani, viatu mguuni, ufunguo mkononi. Akasema shemeji. Si bwana nyama. Nikasimama na ndoo yangu, nikangoja aendelee.  Akarudi ndani, akaegesha mlango bila kuufunga.

Usingizi: saa nane na kitu. Hadi hapo pikipiki ilikuwa haijawashwa.